Maswali Kutoka Nyuma ya Bashi

Kuna wakati wa mchana, hapa Baraka, ukingoni mwa Ziwa Tanganyika upande wa Kongo, ambapo ziwa linang'aa mpaka linakosa rangi. Bati za nyumba zinalia kwa joto, mbuzi wanalala katikati ya njia, na hata pikipiki zinapita polepole kana kwamba dereva naye amefumba macho. Huo ndio wakati ninapofanya kazi yangu kubwa kuliko zote. Ninakaa barazani, mguu mmoja juu ya pedali ya mashine ya kushona, redio dirishani nyuma ya sikio langu, na ninasafiri Marekani.

Mimi si mtu wa kutembea. Nalisema mapema ili msomaji asinitegemee kwa makubwa. Kilembwe nimefika mara moja, kwa msiba, nikarudi na gari lile lile lililonipeleka kabla dereva hajabadili mawazo. Bibokoboko naijua vizuri sana: ni kule juu, kwenye ile milima ya bluu ninayoiona nikiinua macho kutoka kwenye pindo la suruali, na kuiona kunanitosha. Wanaume wenzangu wanaenda kuvua, wanaenda kuchimba dhahabu, wanaenda kutafuta maisha. Mimi maisha yananikuta barazani, yameshika kaptula iliyochanika. Nilimaliza sekondari, nikapata diploma yangu, nikaitundika ukutani, nikakaa chini yake. Mpaka leo nimekaa.

Lakini redio imenipeleka mbali. Na katika yote inayoniletea, hakuna ninachokipenda kama ule ugomvi wa marais wa Marekani na waandishi wao wa habari. Vita na uchaguzi nawaachia wengine. Mimi napenda lile jambo dogo la kila siku: mtu mmoja mkubwa anataka kupita, na kundi la watu wenye kalamu halitaki apite bila kusema kitu.

Picha yake niliiona kwenye simu ya mteja mmoja aliyekuja kupimwa koti. Bustani ya majani mabichi, helikopta inanguruma, rais anatembea kuielekea. Pembeni, nyuma ya kamba, waandishi wanapiga kelele za maswali. Rais anaweka kiganja kwenye sikio, anatikisa kichwa, anaonyesha kidole kule juu kwenye mapanga yanayozunguka, kama kusema: ningependa sana kuwajibu, ndugu zangu, lakini mnasikia wenyewe. Anatabasamu. Anapanda. Majani yanalala chini kwa upepo na swali linabaki pale limesimama peke yake.

Nilimwambia mteja airudishe ile picha, nikaitazama tena mpaka akauliza kama koti lake bado nalikumbuka.

Tangu hapo nimewafuata marais wengi, mmoja baada ya mwingine, na kila mmoja ana namna yake. Kuna mwenye ulimi wa asali: anamjibu mwandishi kwa maneno mengi na mazuri, na ukimaliza kusikiliza unagundua umeshiba lakini hukula kitu. Kuna mwenye ulimi wa pilipili: anamgeukia aliyeuliza na kumwambia kwamba swali lake ni baya, gazeti lake ni baya, na yeye mwenyewe hafai. Kuna anayemtuma msemaji asimame mbele badala yake, maskini yule msemaji, kazi yake kurushiwa mawe ambayo si yake. Na kuna wakati, eti, wanavaa vizuri wote, rais na waandishi, wanakaa kula chakula cha jioni pamoja na kutaniana. Kesho yake wanarudi kwenye kamba na kelele.

Hilo la kurudi ndilo lililonishangaza. Kwetu mkubwa akija tunampokea kwa ngoma na vitenge vipya. Anasema, tunapiga makofi, anapewa mbuzi, gari linaondoka na vumbi lake. Swali? Swali tunaondoka nalo wenyewe, tunaulizana njiani.

Basi mchana, joto likizidi, nilikuwa nasinzia juu ya mashine na kuota kwamba rais ni mimi. Natoka nje ya nyumba kubwa nyeupe, bustani ni ile ile ya kwenye simu, ila majani yote yametandikwa ndakala, wale dagaa wetu wa ziwani, zinakauka, zinang'aa kama vipande vya kioo, na bamama wa sokoni wameinama juu yake wanazigeuza. Helikopta inaningoja kwa mbali. Nami siwezi kuifikia, kwa sababu kila nikiinua mguu mama mmoja anasema kwa upole, bila kunitazama: Prezida, usikanyage ndakala.

Nadhani hata ndoto ilishajua kinachokuja.

Mke wangu ni kinyume changu kabisa. Yeye anauza ndakala sokoni, na kila wiki anapanda pirogi, mtumbwi wa mota, kwenda kuzinunua Ubwari, ng'ambo ile, kwa sababu huko ndiko kwao. Mama yake anaishi huko peke yake katika lupango aliloachiwa na marehemu baba mkwe: nyumba, jiko la nje, na migomba michache iliyozungushiwa mabua. Siku ninayoisimulia mke wangu alirudi, akatua ndoo, akakaa kwenye kizingiti bila kuvua viatu. Akanieleza kwamba macho ya mama yake yameingia ukungu kabisa, kwamba sasa anapika kwa kupapasa, na kwamba alipoipua sufuria ya sombe, mboga ya majani ya muhogo, alishika moto badala ya mfuniko. Mkono wote umeungua, kutoka vidole mpaka hapa, akanionyesha kiwiko.

Kisha akauliza, taratibu, kama mtu anayeweka yai mezani.

"Baba ya batoto, mama atakuya kuishi na siye, ao hapana?"

Nikakanyaga pedali. Mashine yangu ni ya zamani, chuma chote, na ikikimbia inapiga kelele kama mabati yanayovutwa barabarani. Nikaweka kiganja kwenye sikio. Nikamwonyesha sindano kwa kidole. Nikatabasamu.

Mke wangu alinitazama muda mrefu. Halafu akavua viatu.

Lazima nijitetee, kwa sababu hakuna mwingine atakayekubali kazi hiyo. Kwetu, mwanamume na mama mkwe wake hawakai mahali pamoja. Ni heshima, na si heshima ya mchezo. Nikimwona anakuja njiani, naingia kwenye majani. Hatuli pamoja, hatutazamani, hatuitani, na kama kuna neno la kumwambia, linapitia kwa mtu wa tatu. Miaka yote ya ndoa yangu, uso wa mama huyo nilikuwa nimeuona kwa mbali tu, chini ya kitenge, siku ya harusi. Sasa nyumba yetu ina vyumba viwili na saluni ndogo ya kupokea wageni, na uwanja ambao ukitema mate mlangoni yanafika jikoni. Akikaa yeye, mimi nikae wapi? Mwanamume mwingine angesema sawa, nitakuwa kwenye pirogi, nitakuwa bistro kwenye bia, nitakuwa machimboni. Mimi makazi yangu yote duniani ni lile baraza.

Kwa hiyo nikawa rais. Alipouliza tena jioni, nilimjibu kwa asali: nikaeleza jinsi mvua za mwaka huu zilivyobomoa njia, jinsi miti ya kujengea ilivyo adimu, jinsi wazee wetu walivyotuachia desturi nzuri, mpaka akalala. Alipouliza asubuhi, nilitumia pilipili: ni swali gani hilo la kumwuliza mtu ambaye hajanywa chai? Alipomtuma mdogo wake, shemeji yangu, ambaye anakaa upande wa soko katika chumba kimoja na mume na watoto, nilimtafuta msemaji. Nilimwambia mwanangu mkubwa, binti, amwambie mama yake mdogo kwamba baba anaendelea kufikiri na atatoa tangazo wakati wake ukifika. Binti alilisema hilo huku akijibana asicheke, msemaji mbaya sana.

Ningeweza kuendelea hivyo mpaka masika yaishe, kama si mdomo wangu. Nilikuwa na tabia ya kuwasimulia nyumbani habari za redio wakati wa kula, na jioni moja nikafika kwenye sehemu niliyoipenda kuliko zote. Nikawaambia: mwandishi anauliza, rais anakwepa, anamnyooshea kidole mwandishi mwingine ili wabadili mazungumzo. Lakini yule wa pili, badala ya kuuliza lake, anasema: Mheshimiwa, kwanza mjibu mwenzangu. Nikacheka, nikapiga goti langu. Hebu fikirini, mtu anapewa nafasi yake na anaitoa kwa mwingine.

Mke wangu alikuwa anachambua ndakala kwenye ungo. Akasimamisha mkono.

"Na prezida anafanyaka nini hapo?"

Nikamwambia anaweza kukasirika, anaweza kuondoka.

"Anaweza kujibu pia," akasema, akarudi kwenye ungo wake.

Kesho yake alikuja jirani yetu, mama mmoja aliyekimbia kutoka Burundi na sasa analima mihogo kwenye shamba la kukodi nyuma ya nyumba yetu. Alileta shati la shule la mwanawe, kola imetoka. Ni mama mpole, hata salamu anaitoa kama anaomba radhi. Akasimama mbele ya mashine akiwa ameshika lile shati kwa mikono miwili.

"Fundi, nilikuyaka na swali ya hii shati," akasema. "Lakini naiacha kwanza. Nataka ujibu ile ya mama batoto."

Nilikanyaga pedali. Akangoja. Uzi ukakatika, maana nilikuwa nashona hewa, na bado alikuwa anangoja, ameinamisha kichwa kwa adabu zote.

Alasiri akaja shemeji yangu na kitenge cha kukatwa. Nikamuuliza anataka mshono gani. Akasema mshono atasema baadaye, kwanza nimjibu dada. Jioni akaja muuza mafuta ya mawese, ambaye hata hamjui mama mkwe wangu, akasema ameambiwa sokoni kwamba hapa kuna swali halijajibiwa. Wote wameketi barazani, kwenye baraza langu, wanapeana karanga. Mke wangu katikati yao na ungo wake. Nikainuka kwa heshima ya cheo changu, nikaingia ndani. Nikajikuta chumbani, nimesimama kati ya kitanda na ukuta, nasikia vicheko vyao. Rais ana helikopta, na mimi dirisha langu lina nondo.

Nikatoa jibu la kiserikali. Nikasema mama aje kutibiwa macho hospitalini, akae kwetu kwa muda wa matibabu, halafu tutaona. Mke wangu alijua vizuri kwamba hilo si jibu, ni mlango uliofunguliwa kiasi cha kupitisha mkono. Aliupitisha.

Tukapata bashi, lile turubai la nailoni ambalo huku kila nyumba ina kipande chake, lilikuwa la bluu na limefifia mpaka kuwa rangi ya maziwa. Nikalifunga kutoka kwenye nguzo ya baraza mpaka kwenye mpapai, likakata uwanja vipande viwili. Upande wa jiko wa mama, upande wa mashine wangu. Nikiwa na haja ya kuvuka, nilikohoa. Yeye akiwa na haja ya kuvuka, fimbo yake ilikohoa kwa ajili yake.

Siku za kwanza sikusikia kitu zaidi ya fimbo hiyo. Nikaendelea na redio yangu, nimepunguza sauti. Mchana mmoja, mwanga ukipita kwenye bashi na kutufanya wote kama tupo chini ya maji, rais alikuwa redioni anagombana na mwandishi mmoja vibaya sana, na mtangazaji anatafsiri. Nikasikia sauti upande wa pili, nzito kidogo, ya mtu aliyelala na kuamka.

"We binti yangu," sauti ikasema. "Uliza bwana yako: bale ni banani banagombana?"

Mke wangu alikuwa jikoni. Akapaza sauti, kwa uso wa ofisi: "Mama anauliza ni banani banagombana."

Nikamwambia amwambie kwamba mmoja ni rais wa Marekani, mwingine ni mwandishi. Akamwambia, ingawa yule mama alikuwa ameshasikia kila neno. Kitambaa hakina unene wa kuzuia neno. Ndivyo inavyofanywa.

 Halafu: uliza bwana yako, yule mwandishi kesho bado iko na kazi? Nikasema ndiyo. Na atarudi pale pale? Nikasema atarudi, pengine kwenye kiti kile kile. Na rais atamruhusu aulize tena? Nikasema wakati mwingine anamkataza mlangoni, kunakuwa na kelele, lakini wengine wanarudi na rais naye hatulii bila wao. Wasipomsema siku moja anaanza kuwatafuta. Mama akalifikiria hilo. Nilikuwa nasikia kidole chake kikigonga kwenye kifundo cha fimbo.

"Uliza tena," akasema. "Bote bale, pa saa ya midi, nani anabapikiaka?"

 Nimesikiliza redio tangu utoto, nimejua wizara na mabunge, na hakuna siku nimejiuliza nani anawapikia chakula cha mchana.

Basi ikawa hivyo kila mchana. Mimi nashona, redio inasema, na upande wa pili wa bashi swali linazaliwa, linapita jikoni kwa mke wangu, linanifikia. Aliuliza kama mke wa rais anasikiliza wakati mumewe anatukana watu. Aliuliza kama wale waandishi wana mama zao, na mama zao wanalala vipi. Aliuliza kwa nini mtu anayepigiwa kura na watu aogope swali, maana swali si panga. Mara nyingine nilikuwa najibu, mara nyingine nilijaribu asali, na hapo alikuwa anasema tu, "Binti, bwana yako hajajibu." Halafu anangoja. Sijapata kuona mtu anayejua kungoja vile. Nilianza kuisikiliza redio asubuhi, kabla hajaamka, nijiandae.

Kumbe wakati huo matibabu yalikuwa yanaendelea. Daktari alisema jicho moja limekwisha, la pili atapewa dawa ya matone, litaona mwanga na vivuli, lakini moto asipike tena. Mke wangu aliniletea maneno hayo barazani akiwa amesimama. Hakuongeza lile swali. Nilingoja aliongeze. Alikunja karatasi ya dawa, akaenda kumsaidia mama yake kufunga kitenge chake kwa safari, kwa sababu matibabu yalikuwa yamekwisha na mama mkwe hawezi kumwomba mkwe wake kitu. Hiyo nayo ni sehemu ya heshima. Yeye ana haki ya kuniuliza nani anampikia rais wa Marekani, lakini nani atampikia yeye, hilo hana ruhusa.

Waliondoka asubuhi. Nilijificha nyuma ya nyumba kama inavyopasa, nikasikia fimbo ikipungua kuelekea ziwani. Mke wangu alimsindikiza, akarudi na pirogi ya pili, akaanza kuchambua ndakala.

Mchana ule redio ilileta habari nzuri kuliko zote nilizowahi kusikia. Waandishi wamemzunguka rais ndani ya ndege, angani, hakuna pa kukimbilia, wanamuuliza na yeye anajibu, wanamuuliza tena. Nikashona mkono wa shati upande usiofaa. Mtangazaji alipofika mahali pa kuchekesha nikainua kichwa kuelekea bashi, nikangoja. Bashi ilijaa upepo kidogo, ikatulia. Nikasema kwa sauti, nisijue namwambia nani, kwamba ndani ya ndege ile kuna jiko, na kwamba rais na waandishi wanakula humo humo.  Niliendelea hata hivyo, nikaeleza sufuria, nikaeleza nani anagawa. Nilipogeuka, mke wangu alikuwa amesimama na ungo wake, ananisikiliza nikizungumza na turubai.

Hakucheka. Angecheka ningepona.

"Pirogi ya kesho inaendaka saa ngapi?" nikamuuliza.

Kwetu mjane hatoki kwenye lupango la marehemu mumewe kimyakimya kama mzigo. Anayetaka kumchukua anakuja mwenyewe, anakaa mbele ya ndugu za marehemu, anaulizwa. Hakuna msemaji. Nami nilikuwa sijawahi kuvuka maji yale. Watu wa pirogi walinicheka tangu tulipoondoka, kwa sababu nilishika ubao kwa mikono yote miwili na kuuliza kama mawimbi haya ni ya kawaida, na ziwa lilikuwa limelala kama mafuta kwenye sahani. Milima ya Ubwari ilikuja polepole, kama kitu kinachokumbukwa. Mke wangu aliwaambia wasinicheke sana. Alisema mimi ni mgeni wa serikali.

Ndugu za marehemu walikuwa wamepanga viti mbele ya nyumba, wao upande huu, mimi upande ule peke yangu na kiti kilichoyumba. Mama mkwe alikuwa ndani, mlango umerudishwa, nami nilijua yuko nyuma yake kwa sababu nilisikia kidole kikigonga fimbo. Wakaanza. Atalala wapi? Nikasema chumba cha watoto, watoto watahamia saluni. Nani atampeleka msalani? Binti zangu, na wasipokuwepo, nitafunga kamba kutoka mlangoni mpaka kule, ashike. Akifa, utamleta hapa alale karibu na mume wake, au utasema njia ni mbali? Nikasema nitamleta, na nikaongeza kwamba sipendi maji, wamewaona wenyewe watu wa pirogi wakinicheka, lakini nitamleta.

Halafu mmoja wao, mdogo wa marehemu, mwenye koti la mvua ingawa hapakuwa na mvua, akainama mbele.

"Ulisikia kama mama anaungua mukono," akasema. "Ukafanya nini?"

Nilikuwa na majibu yote. Niliyabeba kutoka Baraka, ya asali na ya pilipili, ya mvua na ya desturi. Miaka mingi ya redio ilikuwa nyuma yangu. Nikaangalia mikono na miguu yangu, haikuwa na kitu cha kukanyaga wala cha kuonyesha.

"Nilishona," nikasema.

 Mke wangu alikuwa ameangalia chini. Kuku mmoja alipita kati ya viti akiwa na haraka zake. Kisha, nyuma ya mlango, nikasikia mtu anacheka, kicheko cha chini, cha puani, kilichojaribu kujificha na kushindwa, na mwenye koti la mvua akageuka kuutazama mlango, kisha akanitazama mimi, akasema basi, amchukue, huyu angalau hajui kudanganya.

Tulirudi na pirogi ya alasiri. Mimi niliwekwa mbele kabisa, mgongo kwa wote, kwa sababu mama mkwe alikuwa nyuma juu ya mkeka wake na mke wangu katikati yetu. Hivyo sikumwona. Niliona Baraka tu, imetanda chini ya milima, na mwanga wa jioni juu ya bati. Mota ilikuwa inavuma kwa nguvu. Kwa mara ya kwanza maishani nilikaza sikio ili nisikie.

"Uliza bwana yako," sauti ilisema nyuma, "yule prezida leo amesema nini."

Mke wangu akaniuliza, nikamjibu, akamjibu. Nilisema sijui, leo sikusikiliza. Akauliza kuhusu yule mwandishi aliyekatazwa mlangoni, nikasema nitafuatilia. Tukaenda hivyo. Ziwa lilikuwa limegeuka rangi ya ndani ya chaza, nami nikadhani mama amesinzia.

"Binti," akasema. "Kwenu, mulango inaangalia wapi? Nijue namna ya kukaa."

Mke wangu akavuta pumzi ili anipitishie lile swali. Sijui kilichonipata. Labda ni mota, labda ni mwanga, au ni uchovu wa mtu aliyesafiri mara mbili tu maishani.

"Inaangalia kwenu, mama," nikasema, bila kugeuka.

Mwenye mota akaacha kupiga mluzi. Mke wangu alibaki na mdomo wazi, msemaji aliyenyang'anywa kazi mbele ya watu. Mimi nikaona aibu ikipanda shingoni mpaka masikioni, nikakaza macho kwenye bati za Baraka.

"Sawa," mama mkwe akamwambia mke wangu. "Mwambie nimesikia."

Mke wangu akaniambia amesikia.